Fundi Nguchiro na Boneti Isiyofunguliwa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na leseni za udereva na binadamu walikuwa bado wanakwenda kwa miguu, palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Nguchiro. Kaeni vizuri basi. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Hadithi hii naisema mara moja tu.

Nguchiro alikuwa mdogo. Akiingia ndani ya tairi kulala, humwoni. Lakini hapakuwa na injini katika Nyika ya Mawe Mekundu ambayo hakuijua kwa sauti yake. Alijifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka kucha zake zikawa nyeusi na hazikutakata tena hata kwa majivu. Gereji yake ilikuwa chini ya mgunga. Nyumba yake ilikuwa pale pale kando: kichuguu cha zamani kilichohamwa na mchwa, vyumba vitatu, jiko, na tundu dogo la kutokea nyuma kama mambo yakiharibika.

Na mambo yalikuwa yanaharibika kila mwaka, ndiyo maana Nguchiro alikuwa amechoka. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ule wa kwenye mifupa.

Sababu yenyewe ilikuwa mashindano. Kila mwaka, mvua za vuli zikikatika, wanyama walishindana magari: kutoka Bwawani, kupanda Kilima cha Mawe, kuteremka upande wa pili kwa kona kumi na nne, kurudi Bwawani. Mshindi na jamaa zake walikunywa maji wa kwanza kiangazi kizima. Wengine walikunywa kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi kilikuwa tope.

Washindani wa kweli walikuwa wawili. Bwana Chui alikuwa na gari jekundu, jipya, aliloletewa na mjomba wake kutoka ng'ambo ya mto. Mzee Kifaru alikuwa na gari la kijivu, kuukuu, alilorithi kwa babu yake. Fundi wa magari yote mawili alikuwa Nguchiro.

Chui akishinda, na miaka mitatu mfululizo alishinda, alisimama juu ya gari akanyoosha makucha. "Mmeiona mikono hii? Dereva! Kila kitu ni dereva!" Fundi hakumtaja.

Kifaru akishindwa, alishuka akipumua kama tanuri. "Gari! Fundi kaniharibia gari!" Kisha akamchapa Nguchiro bakora tatu, mbele ya watu. Miaka mitatu, bakora tisa. Hapo fundi alitajwa.

Tena palikuwa na desturi moja huko. Mnyama mkubwa hakufungua boneti ya gari lake. Ilikuwa aibu, kama bwana harusi kukutwa anamenya vitunguu siku ya harusi yake. Mkubwa alikaa kwenye usukani. Mambo ya chini ya boneti yalikuwa ya watu wadogo wenye kucha chafu.

Basi, mwaka ninaousema, siku tatu kabla ya mashindano, Nguchiro alikuwa chini ya gari akasikia ardhi inatetemeka. Tifu! Tifu! Tifu!

"Shikamoo, Mzee Kifaru," alisema kabla hajatoka.

"Marahaba. Toka huko. Siongei na miguu."

Nguchiro akatoka, anajifuta.

"Fundi, nimeshindwa mara tatu. Nikishindwa ya nne, kichuguu chako hiki nakikanyaga. Nakikanyaga mpaka kiwe unga."

"Na watoto wangu, Mzee?"

"Waambie watoke mapema." Akageuka. Akagonga jeki, akagonga ndoo, akagonga mgunga wenyewe, akaenda zake. Tifu! Tifu! Tifu!

Vumbi halijatua, tawi la juu likasema kwa sauti laini:

"Nimesikia yote."

Alikuwa Chui, amejilaza kama shuka lililoanikwa.

"Shikamoo, Bwana Chui," alisema Nguchiro.

"Marahaba, fundi wangu. Sasa nisikilize na mimi. Mwaka huu nikishindwa, nitajua umempendelea yule mzee ili uokoe nyumba yako. Basi nitakula wewe. Nyama ya nguchiro siipendi, inanuka mafuta ya gari. Lakini nitajilazimisha."

Haya, hesabuni wenyewe. Kifaru akishindwa, nyumba inakwenda. Chui akishindwa, mwenye nyumba anakwenda. Na mashindano lazima mmoja ashindwe.

Nguchiro akaingia ndani. Akamkuta mkewe, Mama Chausiku, anafunga vyungu kwenye kanga.

"Unafanya nini?"

"Wewe unaonaje? Kuta za udongo hizi, baba. Nasikia kila neno."

"Fungua hivyo vyungu."

"Tulihama kwa sababu ya Nyoka," alisema Mama Chausiku, mikono haisimami. "Tukahama mafuriko. Tukahama yule ndovu aliyekuja kujikuna mgongo kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Mimi nimeshazoea."

"Mimi nimechoka kuhama."

"Umechoka wewe? Vyungu anabeba nani?"

Nguchiro akakaa kwenye kinu, akaikunja mikia yake miwili. Samahani, mkia wake mmoja, ila siku ile hata mkia ulimwelemea kama miwili.

Kesho yake palikuwa na baraza Bwawani. Mwamuzi alikuwa Mama Twiga, kwa sababu yeye peke yake, akisimama pale pale, aliona kona zote kumi na nne. Ajenda ilikuwa kupanga nani aanzie kulia na nani kushoto. Haikufika huko.

"Kulia, kushoto, mimi sijali," alisema Chui akijiramba begani. "Dereva ni dereva. Hata mkinipa lile kopo la Mzee Kifaru, bado nashinda."

"Kopo?" Kifaru akasimama. "Gari la babu yangu unaliita kopo? Unashinda kwa sababu ya gari la mjomba! Mimi nikikaa ndani ya lile jekundu, utakula vumbi langu mpaka ushibe!"

"Wewe? Wewe ukikaa ndani, matairi yatalia mama."

"Ni gari!"

"Ni dereva!"

"Gari!"

"Dereva!"

Ngiri wakaingia upande wa gari. Nyani wakaingia upande wa dereva, wakaanza kurusha maganda. Kelele ile ile ya kila mwaka, maneno yale yale. Nguchiro alikuwa ameketi juu ya jiwe, kichwa kinamgonga, bakora tisa zinamwasha mgongoni. Akaona hasira inampanda kama maji yanayochemka ndani ya rejeta.

"Basi badilishaneni!" alipiga kelele.

Hata nyani wakashusha mikono.

"Nani amesema?" aliuliza Chui.

"Mimi. Wewe umesema hata ukipewa gari la Mzee unashinda. Na wewe, Mzee, umesema ukikaa kwenye jekundu unashinda. Mmesema wenyewe, sikuwatilia maneno mdomoni. Mama Twiga, umesikia?"

"Masikio yangu yako juu, lakini yanafika," alisema Mama Twiga. "Nimesikia."

"Basi badilishaneni. Bwana Chui akishindwa, kosa la mikono yake. Mzee Kifaru akishindwa, kosa lake, maana gari zuri alikuwa nalo. Ama hivyo, ama maneno yenu ya bure."

Chui akatazama huku, Kifaru akatazama kule. Watu wote wanawatazama wao. Mkubwa akishasema maneno mbele ya watu, atayameza vipi?

"Naapa," alisema Kifaru. "Nikishindwa, nyumba ya fundi haiguswi."

"Naapa," alisema Chui, na tabasamu lake lilikuwa jembamba kama uzi. "Nikishindwa, fundi haguswi."

Nguchiro alirudi nyumbani anatembea wima kidogo. "Fungua vyungu," alimwambia mkewe.

"Nitafungua kesho," alisema Mama Chausiku. "Chui namjua."

Na alimjua kweli. Adhuhuri ya siku ya pili, jua kali, Nguchiro yuko chini ya turubai na gari la kijivu, tawi likasema:

"Fundi."

"Shikamoo, Bwana Chui. Si tuliapa jana?"

"Tuliapa mbele ya watu. Sasa watu wako wapi?" Chui akashuka, akakaa, akakunja mkia. "Toa injini yangu kwenye lile jekundu. Iweke ndani ya bati hili la kijivu. Ile ya Kifaru umpelekee mwenyewe kwenye jekundu, ajikohoze nayo."

Nguchiro aliduwaa. "Lakini si unasema kila kitu ni dereva?"

"Nasema. Ila sipendi kubahatisha."

"Bwana, kushusha injini mbili na kuzipandisha ni kazi ya siku nne. Mashindano ni kesho."

"Sitaki hesabu zako. Injini yangu isipokuwa ndani ya gari hili kesho asubuhi, nitakula wewe. Kiapo ni cha mchana wa baraza. Nguchiro mmoja akipotea porini, nani ataniuliza?" Akarudi mtini, akapanda mpaka kwenye kivuli, akafumba macho. "Anza kazi. Nataka kusikia nyundo."

Nguchiro akasimama na spana mkononi. Akifanya, anamwibia Kifaru, na Kifaru ana pua ya kunusa wizi. Asipofanya, analiwa. Tena hata angetaka, siku nne haziingii katika mchana mmoja.

Mama Chausiku alichungulia kwenye tundu la nyuma, akanong'ona, "Nenda kamwambie Mama Twiga!"

"Neno langu na neno la Chui, mbele ya baraza, watashika lipi?"

Mama Chausiku akarudi kwenye vyungu.

Basi Nguchiro akafanya kazi iliyokuwa mbele yake. Rejeta ya gari la kijivu, ile ya maji ya kupoza injini, ilikuwa imetoboka, akaiziba. Bomba la moshi lilikuwa limepinda, akalinyoosha. Ngo! Ngo! Ngo! Kriii! Ngo! Jasho linamtoka mpaka masikioni. Huko juu mtini Chui alikuwa anatabasamu usingizini.

Jua lilipoinama, Chui akashuka, akajinyoosha. "Tayari?"

"Gari liko tayari," alisema Nguchiro. "Njoo ufungue boneti uangalie mwenyewe."

"Mimi?" Chui akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi nifungue boneti? Watu wanione nina grisi makuchani? Una wazimu?"

"Hakuna mtu hapa, Bwana. Fungua uone nilichofanya na nisichofanya. Mimi sipendi kuuza mbuzi ndani ya gunia."

"Nimesikia nyundo, inatosha." Akaingia, akawasha. Kho! Kho-kho! Krrr… kho!

Chui akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Ahaaa," alisema Chui. "Nje inakohoa kama ya Kifaru, lakini ndani naisikia kabisa, injini yangu! Na kikohozi umekiacha makusudi, ili watu wasitambue! Fundi, wewe ni shetani mdogo."

"Bwana Chui, mimi sikufan…"

"Shh! Usiseme kitu." Akamkonyeza, akaondoka anapiga mluzi.

Nguchiro akabaki amesimama. Kisha polepole, kwa mara ya kwanza katika siku tatu, mkia wake ukainuka. Mtu anakukataza kusema kweli! Basi, alijisemea, nitaisema mpaka achoke kuisikia.

Hakupata hata muda wa kunywa uji. Tifu… tifu… tifu… Mara hii taratibu, kama mtu anayekwenda kukopa.

"Fundi," alisema Kifaru. Akauambia mgunga.

"Niko huku, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba." Kifaru akageuka, akakohoa. "Nina neno. Likitoka hapa, nakukanyaga."

"Foleni ya kuniua ni ndefu, Mzee. Sema tu."

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Kona. Mawe. Njia. Miaka mitatu naendesha kwa kunusa." Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Hata lile gari jekundu, nikikaa ndani yake, bado kona nitazinusa nikishazipita. Fundi, kaa na mimi. Uniambie kulia, kushoto. Jifiche nyuma ya sikio langu."

Nguchiro alimtazama mzee huyu aliyemchapa bakora tisa kwa kosa la macho yake mwenyewe. Alitaka kukasirika. Hasira ilikuwepo, ila nguvu ya kuibeba ndiyo iliyokosekana.

"Nitakaa," alisema. "Ila mimi sijifichi. Nitakaa juu ya dashibodi, kila mtu anione."

"Watasema naongozwa na nguchiro!"

"Waambie utakalo. Mimi sijifichi."

Kesho yake Bwawani palijaa. Gari jekundu lilisimama upande wa kulia limelala kwa uzito wa Kifaru, springi zinaguna. Juu ya dashibodi, Nguchiro, wima kama kijiti.

"Huyo anafanya nini humo?" aliuliza Mama Twiga.

"Anasikiliza injini," alisema Kifaru haraka.

"Hakuna sheria inayokataza."

Upande wa kushoto, ndani ya gari la kijivu, Chui alikuwa amekaa na mkono mmoja dirishani. Nguchiro akatoa kichwa nje, akapaza sauti, kila mtu asikie.

"Bwana Chui! Gari hilo linachemsha kilimani! Panda kwa gia ya pili, polepole! Ukiona mvuke, simama utie maji! Nimekuwekea dumu nyuma ya kiti!"

Chui akacheka mpaka sharubu zikatikisika. "Nimekuelewa, fundi! Nimekuelewa sana!" Akamkonyeza. Kisha akalichukua lile dumu la maji, akalitupa nje ya dirisha. Bwaa! "Mzigo wa nini huu? Mimi ni dereva!"

Mama Twiga akashusha shingo yake mpaka chini. Akaiinua ghafla, ndiyo ishara ya kuanza.

Vruuuum! Kho-kho-kho! Vumbi!

"Kulia, Mzee!" alipiga kelele Nguchiro. "Kulia! Kulia kwako, siyo kulia kwa shemeji yako!"

"Nakwenda kulia!"

"Huko ni bwawani! Rudisha! Sasa nyoosha. Jiwe!"

"Wapi?"

"Tumeshalipita, Mungu kaliondoa! Kanyaga mafuta!"

Mbele yao gari la kijivu lilikuwa linakwenda. Na hapa nisiwadanganye, maana Nguchiro mwenyewe hakujidanganya. Chui alikuwa anajua kuendesha. Lile gari zito, la babu, aliliyumbisha katikati ya mashimo kama mtu anayemchezesha bibi yake harusini, kwa upole na kwa madaha. Gia zilimwitikia. Nguchiro alitazama akasema moyoni, laiti asingekuwa Chui.

Wakafika Kilima cha Mawe. Gari la kijivu lilikuwa mbele hatua mia mbili. Na hapo, mahali pa gia ya pili, Chui akatia ya nne.

"Injini ya mjomba!" walimsikia akiimba. "Panda, injini ya mjomba!" Akakanyaga mafuta mpaka chini.

Kho! Kho-kho! Krrrr… kho…

"Panda, nakwambia!"

Kho… tok… tok…

PSHIIIIII!

Mvuke ukafumka kwenye boneti kama chungu kilichovuliwa kifuniko. Gari la kijivu likatetemeka, likasimama, likaanza kurudi nyuma taratibu mpaka likajiegemeza kwenye jiwe. Na dumu la maji lilikuwa huko chini, Bwawani, limelala kwenye majani.

"Nini hicho?" aliuliza Kifaru. "Nasikia harufu ya ugali unaoungua."

"Ni Bwana Chui. Shika kushoto kidogo tumpite. Haya, tumefika kileleni. Polepole sasa, Mzee, huku ni mteremko. Breki. Breki! Breki ni ile ya katikati!"

Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Nguchiro alisema kulia mpaka koo likakauka. Kona ya tisa walichuna ubavu wa gari. Kona ya kumi na nne walichuna ubavu wa pili, ukawa sawa. Wakaingia Bwawani, wakapita bendera, wakapita na nguzo ya bendera, nguzo ikabaki imelala juu ya paa.

"Tumefika?" aliuliza Kifaru.

"Tumefika, Mzee. Zima gari."

Vigelegele! Ngiri wanaruka, "Gari! Gari! Si tulisema?" Kifaru akashuka amevimba, anapungia mkono upande usio na watu.

Nguchiro alikuwa bado anashuka kwenye dashibodi pale kivuli kilipoanguka juu yake. Chui amerudi kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Akamkamata shingoni, akamwinua juu.

"Mwongo! Injini yangu iko wapi?"

Watu wakasogea karibu.

Nguchiro akining'inia, akasema kwa sauti iliyochoka, "Iko ndani ya gari lako jekundu, Bwana. Pale pale ilipokuwa siku zote."

"Nilikuamuru uitoe! Nilikuamuru uitie kwenye gari la kijivu! Nilisikia nyundo!"

"Aaaaah!" wakasema watu wote kwa pamoja. Hata vyura.

Shingo ndefu ikashuka taratibu mpaka macho ya Mama Twiga yakawa mbele ya macho ya Chui. "Ulimwamuru nini?"

Neno likishatoka, si mkia kwamba utaukunja.

"Nilimwambia kazi hiyo ni ya siku nne," alisema Nguchiro akiwa bado juu hewani. "Nikamwambia afungue boneti aangalie. Leo, mbele yenu wote, nikamwambia gia ya pili na maji. Mimi niseme mara ngapi?"

"Mweke chini," alisema Mama Twiga. Chui akamweka. "Sasa fungua boneti ya gari lako, wewe mwenyewe, tuone nani mwongo."

Chui akalisogelea gari jekundu. Akavuta huku, haikufunguka. Akavuta kule. Akaingiza makucha pembeni, akapapasa chini ya taa, akasukuma, akapuliza. Jasho likamtoka. Miaka mitatu bingwa, na hakujua boneti ya gari lake inafunguliwa wapi.

"Kwi!" alicheka nyani mmoja. "Kwi-kwi-kwi!" Wakaangua wote, wengine mpaka wakakaa chini.

"Chini ya usukani, Bwana," alisema Nguchiro. "Kuna kikono. Vuta."

Klak. Boneti ikainuka. Ndani, injini ya mjomba, safi, haijaguswa. Na makucha ya Chui, mbele ya nyika nzima, yalikuwa meusi kwa grisi.

"Chui na jamaa zake watakunywa wa mwisho," alisema Mama Twiga. "Na nguchiro huyu asiguswe. Akikosekana hata unywele mmoja wa sharubu, sote tunajua tubishe mlango wa nani."

"Si niliwaambia?" alinguruma Kifaru kwa furaha. "Gari! Gari ndiyo kila kitu!"

"Dereva!" walijibu nyani. "Chui angepanda kwa gia ya pili angeshinda!"

"Gari!"

"Dereva!"

Mama Twiga akafumba macho. "Fundi, wewe unasemaje? Gari au dereva?"

Nguchiro alikuwa anajipangusa shingo. "Mimi nasema nimechoka," alisema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuacha jambo nusu: "Bwana Chui anajua kuendesha kuliko nyote, ila hakujua anaendesha nini. Mzee Kifaru alikuwa na gari zuri. Na macho yangu."

Kifaru akakohoa. Akatazama mbali, kama kawaida bila kuona kitu. Nguchiro hakungoja. Aliwaacha wakianza upya, akakata njia ya mkato katikati ya majani.

Mama Chausiku alikuwa mlangoni, vyungu vimefungwa, mtoto mmoja mgongoni.

"Nani kashinda?"

Nguchiro akaingia ndani, akalitafuta fundo la kanga, akalifungua. Lilikuwa limekazwa sana na vidole vyake vilikuwa vinauma. Akatoa chungu cha kwanza, akakirudisha juu ya mafiga.

"Tunalala hapa," alisema.

Hadithi imefika gereji, nami naiegesha. Lililobaki ni hili: aonaye haya kufungua boneti, ataaibikia kilimani.